Kiingereza cha Chuo Kikuu: Chafaa Nini kwa Mtumishi na Mwanawe?

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha sita yatokapo, swali moja huzunguka katika afisi zetu toka masijala hata chumba cha chai: kijana aliyefaulu aende Chuo Kikuu akasome nini? Mzazi mmoja humtakia mwanawe sheria, mwingine hesabu za fedha, mwingine uganga wa hospitali. Hayo yote husikilizwa kwa heshima. Walakini kijana akisema kwamba ataka kusoma lugha ya Kiingereza na fasihi yake, wazee hutazamana, na wengine hucheka. Na karani aliye kazini akiomba ruhusa ya masomo kwa ajili ya somo hilo hilo, wenzake humwuliza kama hakukijua Kiingereza siku zote hizo alizokuwa akiandika madokezo.

Twaona imefaa gazeti hili litoe shauri lake waziwazi, kwani jambo lenyewe latugusa mara tatu: lagusa watoto wa wanachama, lagusa wanachama wenyewe waombao ruhusa ya kwenda kusoma, na lagusa kazi yetu ya kila siku, ambayo ni maneno. Seremala hufanya kazi kwa mbao, fundi mwashi kwa mawe. Karani hufanya kazi kwa maneno, na asiyejua chombo chake hawezi kuitwa fundi.

Maoni yasikikayo ni mawili. Ya kwanza husema: Kiingereza ni lugha ya waliotutawala, nchi ilipata uhuru mwaka 1961, Kiswahili chetu kimeenea hata UNESCO mwaka 2021 ikakipa siku yake duniani, tarehe 7 Julai, basi kutumia miaka mitatu na fedha nyingi juu ya lugha ya watu ni utumwa wa kujitakia. Maoni ya pili husema kinyume chake: Kiingereza ndicho riziki, akijuaye amejua yote, na Kiswahili na Kigogo ni vya kuzungumzia nyumbani na kisimani.

Sisi hatukubali hili wala lile. Wenye maoni hayo mawili, ijapokuwa wagombana, wamekosea mahali pamoja: wote wadhani kwamba kusoma Kiingereza Chuo Kikuu ni kujaza kinywani maneno mengi zaidi ya Kiingereza. La hasha. Kusema lugha ni jambo moja, na kuichunguza lugha ni jambo jingine. Mfugaji wa Bahi awajua ng’ombe wake kwa rangi na kwa pembe, naye hapotezi hata mmoja. Lakini daktari wa mifugo amejifunza mifupa na damu na magonjwa yake, hata aweza kumtibu ng’ombe asiyemjua. Ndivyo ilivyo kwa msomi wa lugha.

Na tutazame, basi, ni nini kisomwacho. Mwanafunzi huanza na sauti: jinsi ulimi, meno na midomo vifanyavyo kila herufi. Husoma maumbo ya maneno, mpango wa sentensi, na maana jinsi igeukavyo kwa mahali na kwa msemaji. Kisha husoma historia ya lugha yenyewe, na hapo ndipo wengi hufumbuka macho.

Kwani historia ya Kiingereza si historia ya lugha iliyozaliwa juu ya kiti cha enzi. Mwaka 1066 watu wa Normandy waliivuka bahari kutoka Ufaransa wakaishinda nchi ya Uingereza, na kwa karne nyingi wakubwa wa nchi walisema Kifaransa. Kumbukumbu za serikali na za kanisa ziliandikwa kwa Kilatini. Kiingereza kilikuwa lugha ya mkulima na mchungaji. Alama yake haijafutika hata leo: ng’ombe akiwa hai zizini huitwa “cow”, neno la Kiingereza cha asili, akichinjwa na kufika mezani huitwa “beef”, neno la Kifaransa. Kondoo na nguruwe wamefanyiwa vivyo hivyo. Neno la zizini ni la waliochunga, na la mezani liliachwa na waliokula. Sisi wa nchi hii ya mifugo hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mambo ya barazani yalikuwa mabaya zaidi. Mtu alishitakiwa, akatetewa na kuhukumiwa kwa Kifaransa, lugha ambayo yeye mwenyewe hakuifahamu. Hata mwaka 1362, zamani za Mfalme Edward wa Tatu, bunge lao lilitoa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotolewa ni kwamba watu hawakuijua lugha ya Kifaransa iliyotumika barazani. Ajabu ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na iliagiza kumbukumbu ziendelee kuandikwa kwa Kilatini! Kilatini hakikuondolewa katika kumbukumbu za mahakama mpaka mwaka 1733.

Twaomba msomaji alinganishe habari hizo na za kwetu. Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama na ya sheria za nchi. Waliolalamika kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sheria walikuwa wakisema, pasipo kujua, maneno yale yale yaliyoweza kusemwa juu ya Kiingereza mbele ya 1362. Mwenye kuisoma historia hiyo hawezi tena kukisujudia Kiingereza, maana amejua kwamba nacho kilikaa sakafuni. Wala hawezi kukidharau Kiswahili, maana ameona lugha ya mchungaji ikikua hata kuwa lugha ya hakimu. Hii ndiyo faida ya kwanza ya somo hili, nayo haipatikani kwa kuzungumza na wageni hotelini.

Faida ya pili ni ya mezani petu sisi makarani. Katika sheria zetu zilizoandikwa kwa Kiingereza, neno “may” humpa mkubwa hiari ya kutenda au kuacha, na neno “shall” humfunga atende, apende asipende. Karani akifasiri yote mawili kwa neno moja la Kiswahili, mwananchi aliyekuja kudai haki atarudishwa nyumbani kama mtu aliyekuja kuomba fadhili, au mwenye kuomba fadhili atagomba kama mtu aliyenyimwa haki. Vivyo hivyo, Kiingereza cha afisi hupenda kusema kwamba jambo “limeamuliwa” au “limeagizwa”, na mwamuzi hatajwi. Msomi wa lugha amefundishwa kuuliza: nani ameamua? Swali hilo ni dogo, lakini barua nyingi hukaa katika majalada kwa kukosa wa kuliuliza.

Na yeyote adhaniaye kwamba tunakuza jambo dogo, akumbuke yaliyotokea mashariki yetu, njia ishukayo kutoka Mpwapwa kwenda pwani. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Usagara, akamwendea Mangungo wa Msovero, akamwekea karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani. Mangungo akatia alama yake. Mwezi huo na uliofuata watawala wengine wa Usagara, Uzigua, Unguu na Ukami waliwekewa karatasi za namna hiyo, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Watoto wetu hufundishwa shuleni kumcheka Mangungo. Twaona si haki. Mangungo hakuwa mpumbavu. Alikuwa mtawala asiye na mtu wake mwenyewe wa kumsomea lugha ya mgeni.

Mfano wa pili watoka Uhabeshi, ndiyo Ethiopia ya leo. Mei 1889 Mfalme Menelik alifanya mkataba na Waitalia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Katika sharti la 17, maandiko ya Kiamhari yalisema kwamba Menelik aweza, akipenda, kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Maandiko ya Kiitalia yalisema kwamba amekubali kufanya hivyo, kana kwamba amejifunga. Kwa neno hilo moja Waitalia wakayatangazia mataifa kwamba Uhabeshi i chini ya ulinzi wao. Lakini Menelik alikuwa na watu wa kuyalinganisha maandiko mawili. Alipojua, alikataa, na mwaka 1893 akautupa mkataba wote. Ikawa vita, na tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, jeshi la Italia lilishindwa.

Tofauti ya Msovero na Wuchale haikuwa ya neno peke yake; Menelik alikuwa na bunduki na majeshi, na Mangungo hakuwa navyo. Walakini majeshi hayo yasingalitoka kama hakuna aliyejua kwamba maandiko mawili hayasemi mamoja. Nchi iliyo huru yahitaji watu waijuao lugha ya mgeni hata ndani ya mifupa yake. Mikataba ya madini, ya mikopo, ya reli na ya barabara haikuisha duniani, na mingi huandikwa kwa Kiingereza. Je, twataka isomwe na watu waliojifunza lugha hiyo kwa kubahatisha?

Sasa wengine watasema: tumekubali juu ya lugha, lakini fasihi je? Kwa nini mtu mzima asome hadithi na michezo ya kuigiza na mashairi ya watu waliokufa zamani? Swali ni zuri, na jawabu lake twalitafuta katika maisha ya watu wa nchi hii, tena wengi wao watumishi wa serikali kama sisi.

Martin Kayamba, aliyeanzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi wa serikali Waafrika, ambacho vyama kama chetu ni wajukuu wake, alikuwa karani. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la huko juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Aliposema na wakubwa wa Uingereza alisema Kiingereza chao. Na alipotaka kuwaeleza ndugu zake aliyoyaona, aliandika kitabu kwa Kiswahili. Lugha ya mgeni aliitumia kwa kazi, na faida yake akaileta nyumbani.

Shaaban Robert naye aliingia ukarani wa serikali mwaka 1926, akautumikia miaka mingi. Chuo Kikuu hakukiona. Hata hivyo alisoma Kiingereza kwa bidii yake mwenyewe, akazichukua beti za Omar Khayyam kama zilivyofasiriwa kwa Kiingereza na FitzGerald, akazitia katika Kiswahili. Mshairi wa Uajemi alifika kwetu kwa njia ya London, na aliyempokea ni karani wa Tanga.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Makerere kisha Edinburgh, aliufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ukatoka mwaka 1963, wakati alipokuwa na mzigo wa nchi nzima juu ya mabega yake. Hakuridhika, aliurudia, ukatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Twaomba msomaji asimame hapo kidogo. Neno la Shakespeare ni “merchant”, yaani mfanyabiashara, na Kiswahili hakikukosa neno la mfanyabiashara. Mwalimu alichagua “mabepari”, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa neno moja aliugeuza mchezo wa karne ya 16 ukawa mazungumzo ya Tanzania ya wakati ule. Kuliona jambo hilo, kuuliza kama alifanya vema au alipita mpaka, na kutoa hoja za pande zote mbili: hiyo ndiyo kazi ya mwanafunzi wa fasihi. Mtu aliyezoezwa hivyo haandiki ripoti ya afisi bila kupima maneno yake.

Tena tumtaje Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948. Aliondoka kijana, akasoma na hatimaye kufundisha Kiingereza na fasihi yake katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Mwaka 2021 alipewa Nishani ya Nobel ya fasihi. Kitabu chake kiitwacho Paradise, kilichotoka 1994, chasimulia misafara ya biashara kutoka pwani kuingia bara. Kwa Kiswahili kilitoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis. Yaani ilipita miaka 28 ndipo hadithi iliyotoka kwetu iliporudi kwetu kwa lugha yetu. Hatusemi hivyo kwa lawama, bali kwa kuonyesha kwamba wafasiri ni wachache na kazi ni nyingi.

Na sisi wa uwanda huu wa kati tunao mfano unaotuhusu zaidi. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyezaliwa 1917, alifanya kazi za ualimu, ukarani na uhakimu, na katika saa zake za mapumziko aliandika. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili. Je, nani alikitia kitabu hicho katika Kiingereza ili wanachuoni wa dunia wakisome? Ni Gregory Maddox, mwanahistoria wa Marekani, mwaka 1995. Twamshukuru sana, alifanya kazi ya heshima. Walakini twajiuliza wenyewe: katika miaka 41 hakukuwa na kijana wa Dodoma, wa Kongwa, wa Mpwapwa au wa Manyoni, aliyekijua Kigogo kwa ziwa la mama yake na Kiingereza kwa shahada, wa kuifanya kazi hiyo? Kama hakuwako, sababu ni nini, kama si huko kucheka kwetu kijana asemapo kwamba ataka kusoma fasihi?

Wasomi wetu wenyewe walikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, waalimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong’o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika hoja kwamba Idara ya Kiingereza iondolewe, na mahali pake iwe idara ya fasihi yenye Afrika katikati, pamoja na masimulizi na nyimbo za wazee, na fasihi za mataifa mengine zikiizunguka. Ngũgĩ mwenyewe alikuwa amesoma Kiingereza Makerere. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walisema asiketi peke yake juu ya kiti. Hoja hiyo ilibadili masomo katika vyuo vingi. Kwa hiyo kijana aendaye leo kusoma fasihi hakatazwi kuchukua pamoja naye hadithi za bibi yake na nyimbo za zeze za Chamwino; afanye hivyo, kwani ndizo mtaji wake. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tusisahau shule zetu. Wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii, na katika taarifa yao ya 1984 walionyesha kwamba wengi wa wanafunzi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo waliyofundishwa kwa lugha hiyo. Tangu hapo shule zimeongezeka sana, na ugonjwa haujapona. Mtoto hutoka shule ya msingi ya serikali alikosoma kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta hesabu, historia na elimu ya viumbe vyote vimebadili ulimi kwa siku moja. Kama mambo yaendelee hivyo au Kiswahili kipande hata sekondari na vyuoni, ni shauri kubwa ambalo hatuwezi kulimaliza hapa. Lakini kwa njia yoyote itakayoamuliwa, Kiingereza kitafundishwa, na afadhali kifundishwe vema.

Hapo ndipo mwenye shahada ahitajiwapo. Kiswahili na Kigogo, kama lugha nyingine za Kibantu, hupenda silabi imalizike kwa irabu. Kiingereza hurundika konsonanti tatu mwanzoni mwa neno na nyingine mwishoni pasipo haya. Mtoto akiongeza irabu katikati, mwalimu asiyejua humwona mzito wa kichwa, humcheka mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo mtoto hafungui kinywa. Mwalimu aliyesoma sauti za lugha ajua kwamba mtoto hakukosa akili. Amefuata sheria ya lugha ya mama yake, naye humwonyesha sheria ya pili. Ajua pia kwa nini neno “knight” lina herufi zisizosikika: zamani zilisikika, na mwandiko wake ulitulia hali matamshi yakiendelea kuhama, hasa baada ya Caxton kuleta mtambo wa kupigia chapa Westminster mwaka 1476. Mtoto aliyeelezwa sababu hasumbuki kama mtoto aliyefokewa.

Juu ya njia ya kupata elimu hiyo, kizazi hiki hakina udhuru wa zamani. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi, na tangu 1949 ikaungana na Chuo Kikuu cha London, hata shahada zake zikatolewa kwa jina la London. Kijana wa Dodoma wa siku hizo ilimpasa apande treni hadi Mwanza na kulivuka Ziwa. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, kikawa Chuo Kikuu chenye kujitegemea mwaka 1970. Na tangu 2007 tunavyo vyuo hapa hapa mjini: Chuo Kikuu cha Dodoma, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana cha Kanisa la Anglikana, kilichowekwa mahali palipokuwa shule ya Mazengo. Masomo ya lugha yamo. Karani wa Dodoma aweza leo kwenda darasani kwa daladala.

Haya tumeyasema kwa kusifu, lakini hatutaki kumdanganya mtu. Shahada ya Kiingereza si hati ya kupewa kiti afisini. Wako wenye shahada wasiopata kazi upesi, na mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni, nalo hukatwa katika mshahara. Aliyeingia somo hili kwa kukosa lingine, au kwa kutaka kujivuna mbele ya wenzake, afadhali asiingie. Tumewaona watu warudio kutoka vyuoni wakijibu salamu ya mzee kwa lugha asiyoijua mzee. Huyo hakusoma lugha. Amevaa lugha, kama mtu avaavyo koti zito katika jua la Septemba.

Kwa hiyo shauri letu ni hili.

Kwanza, kwa vijana walio kidato cha tano na cha sita, hasa wale wa mchepuo wa HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza: kama moyo wenu umependa somo hili, lishikeni pasipo haya, ila msikiache Kiswahili njiani. Mfasiri ni daraja, na daraja lenye nguzo upande mmoja ni mtego. Someni pamoja na Kiingereza vitabu vya Shaaban Robert na vya Mnyampala, na mkijua Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, andikeni masimulizi ya wazee kabla wazee hawajaondoka.

Pili, kwa wazazi: msimkataze binti wala mvulana kwa sababu tu jina la kazi yake halijulikani. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zataka kufasiriwa. Mahakama zataka wakalimani. Vitabu vyataka wahariri. Shule zataka waalimu. Bunge liko hapa Dodoma, na serikali imehamia hapa. Mji wa namna hii wala maneno mengi kila siku, nao wahitaji watu wa kuyapika vema.

Tatu, kwa mwanachama aliye kazini: ukiomba ruhusa ya masomo, onyesha katika barua yako kazi gani ya afisi itafaidika. Andika kwamba utarudi kulinganisha nyaraka za Kiingereza na za Kiswahili, au kuwafundisha makarani vijana namna ya kuandika dokezo. Mkubwa mwenye busara hatakataa jambo lenye faida iliyo wazi. Na akikataa, ulizia sababu kwa adabu na kwa maandishi.

Nne, kwa Chama chetu chenyewe. Twapendekeza mkutano mkuu ujao uzungumze mambo mawili. Moja ni kutenga fungu dogo la fedha kwa kununua vitabu vya fasihi, vya Kiswahili na vya Kiingereza, viwekwe mahali ambapo kila mwanachama aweza kuazima. La pili ni kwamba kila mwanachama au mwana wa mwanachama atakayesaidiwa na Chama kusoma lugha, atoe kwa gazeti hili, kabla ya mwaka mmoja kupita tangu kuhitimu, tafsiri moja yenye kuwafaa watu: sehemu ya sheria ya ardhi, maelezo ya dawa, au hadithi njema. Asiyelipa kwa fedha na alipe kwa kalamu. Hivyo hakuna atakayesema kwamba Chama kimetupa mali yake kwa lugha ya watu, kwa kuwa lugha ya watu itakuwa imetuletea kitu mkononi.

Wanachama wenye mawazo mengine na waandike. Nafasi ya barua iko, nasi tutazipiga chapa barua za pande zote. Twaomba tu kwamba mwenye kuandika asituambie kama akipenda Kiingereza au akichukia. Atuambie siku ile karatasi nyingine iliyoandikwa kwa lugha ya mgeni itakapowekwa mbele ya watu wetu, ni nani kati ya watoto wetu atakayeisoma kwanza, kabla alama haijatiwa.